Kuandika Kiswahili kwa Hati za Kiarabu Katika Tarakilishi

Mwalimu, ukitaka watahiniwa waone jinsi tendi za kale zilivyoandikwa kabla ya hati za Kirumi kuenea pwani, huhitaji kutegemea picha za miswada pekee. Fungua mipangilio ya lugha katika tarakilishi yako, uongeze kibodi. Ile ya Kiarabu kwa kawaida haionyeshi پ ya p wala چ ya ch. Ongeza ya Kiajemi, inazo zote mbili. Zikitokea visanduku vitupu badala ya herufi, usiilaumu kibodi. Fonti uliyotumia haina umbo la herufi hiyo; ibadilishe.

Hayo ni mepesi. Kazi ya mhakiki huanzia hapa: waandishi wengi wa kale walitumia ب kwa b, kwa p na hata kwa mb. Hivyo بَتَ yaweza kusomwa ‘bata’, ‘pata’ au ‘mbata’. Ukipiga پ pale mwandishi alipoweka ب, hunakili tena, unafasiri, na msomaji wako hatajua. Nakili kwanza ب yake jinsi ilivyo. Usomaji wako uandike kando, mtahiniwa aupinge akiweza.