Namba ya Mlipakodi kwa Biashara Mpya: Yanayopaswa Kufahamika Kabla ya Kufungua Mlango

Mwananchi anayefungua duka la pembejeo, mashine ya kusaga, saluni, mgahawa au karakana ya useremala hukutana na maswali mengi kabla ya kuuza bidhaa ya kwanza. Moja kati ya hayo huulizwa kila anapofika kuomba leseni ya biashara: namba yake ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, ni ipi? Asiye nayo huelekezwa kuitafuta kwanza, kisha arejee. Lakini yupo mwingine mwenye shida kubwa zaidi, ingawa huenda hajaitambua. Huyo ni yule anayefanya biashara kwa TIN ya ndugu au rafiki, au aliyefunga biashara yake ya kwanza bila kumwarifu mtu, akidhani kuwa kufuli mlangoni limemaliza kila kitu.

Makala haya yanaeleza TIN ni nini, hupatikana vipi, na kwa nini namba hiyo inapaswa kutunzwa kwa uangalifu tangu siku inapotolewa hadi siku biashara inapofungwa.

TIN ni nini na hutolewa na nani

TIN ni namba yenye tarakimu tisa inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), taasisi iliyoanza kazi mwezi Julai 1996. Namba hii humtambulisha mlipakodi mmoja tu, awe mtu binafsi au kampuni. Mtu binafsi hupewa namba moja kwa maisha yake yote. Akiwa na maduka matatu katika kata tatu tofauti, yote husomeka chini ya namba hiyo moja.

Halmashauri haitoi TIN, wala ofisi ya kata haitoi. Mtendaji wa Kijiji, Mtaa au Kata anaweza kumwandikia mwananchi barua ya utambulisho inayothibitisha makazi au eneo la biashara, na kazi yake katika suala hili huishia hapo. Halmashauri kwa upande wake hutoa leseni za biashara za kundi B, kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, na TIN ni mojawapo ya mahitaji ya leseni hiyo. Hivyo mwananchi anashughulika na mamlaka mbili: TRA kwa kodi ya Serikali Kuu, na Halmashauri kwa leseni na ushuru wa ndani. Kulipa upande mmoja hakufuti wajibu wa upande wa pili.

Jambo la kusisitizwa ni kwamba TIN hutolewa bure. Anayedai fedha ili "kuharakisha" namba hiyo ni kishoka, hata kama ameketi jirani kabisa na ofisi ya Serikali. Mwananchi anaweza kumlipa mwenye kibanda cha intaneti kwa kazi ya kumjazia fomu, lakini namba yenyewe haina bei.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kuwa na namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA, yenye tarakimu 20. Kadi yenyewe ikiwa bado haijatoka, namba inatosha kuanzisha maombi.

Hatua ya pili inamhusu anayetaka kufanya biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe. Mtu anayetumia jina lake halisi halazimiki kusajili jina la biashara. Anayetaka kuweka jina jingine kwenye kibao cha duka hulisajili kwanza kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), kwa njia ya mtandao. Kampuni nayo husajiliwa huko huko, na wakurugenzi wake wanatakiwa kuwa na TIN zao binafsi kabla kampuni haijaombewa ya kwake.

Hatua ya tatu ni kuwa na eneo linalojulikana. Anayepanga huandaa mkataba wa pango, na anayetumia jengo lake huandaa uthibitisho kwamba ni lake.

Hatua ya nne ni maombi yenyewe, ambayo hufanyika kupitia tovuti ya TRA, www.tra.go.tz, au katika ofisi ya TRA iliyo karibu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayeanza biashara kuomba kusajiliwa ndani ya siku 15 tangu alipoanza.

Baada ya hapo ndipo mwananchi hurejea Halmashauri kuomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI, akiwa na TIN pamoja na hati ya TRA inayothibitisha kuwa hadaiwi kodi.

TIN ya leseni ya udereva si ya biashara

Wananchi wengi tayari wana TIN bila kukumbuka, kwa sababu waliipata walipoomba leseni ya udereva au waliposajili pikipiki. Hiyo ni TIN isiyo ya biashara. Mwenye nayo hapaswi kuomba nyingine. Anachotakiwa kufanya ni kuiarifu TRA kwamba sasa anaanza biashara, ili namba ile ile ihuishwe kuwa ya biashara.

Tofauti hii ina uzito. TIN isiyo ya biashara haimwekei mwenyewe kodi ya biashara, lakini ya biashara humwanzishia wajibu wa makadirio na malipo. Kwa hiyo si busara kuibadilisha miezi mingi kabla ya biashara kuwapo, kwa sababu tu mtu ana ndoto ya kufungua duka siku moja. Vilevile si halali kuendelea kuuza kwa mwaka mzima huku kumbukumbu za TRA zikionesha kwamba mwenye namba ni dereva tu.

Makadirio: ukweli una faida

Mara baada ya TIN ya biashara kutolewa, hufuata makadirio ya kodi. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, na ambaye si kampuni, kwa kawaida hutozwa kulingana na mauzo yake. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, ambayo ni wastani wa takriban shilingi 11,000 kwa siku, hatozwi kodi hiyo ya mapato.

Kinachoangaliwa hapa ni mauzo wala si faida, na utunzaji wa kumbukumbu unaweza kupunguza kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, kwa mfano, iliweka kwa mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kodi ya shilingi 100,000 kwa mwaka ikiwa hana kumbukumbu, na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4 ikiwa anazo. Mama lishe mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 alilipa 100,000 kama hakuwa na daftari, na 30,000 kama alikuwa nalo. Daftari la shilingi elfu chache liliokoa shilingi 70,000. Kwa kuwa viwango huweza kubadilishwa katika bajeti ya kila mwaka, mfanyabiashara anashauriwa kuuliza TRA viwango vya mwaka husika.

Wapo wanaotaja mauzo makubwa ili biashara ionekane nzito, na wapo wanaotaja madogo mno kwa hofu. Wote wawili hujitengenezea matatizo. Anayeanza aeleze anachotarajia kwa uaminifu, aandike mauzo na manunuzi ya kila siku, na hali ikiwa tofauti na alivyotarajia, aombe makadirio yake yarekebishwe. Asiyeridhika na tathmini ya kodi ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30. Kukaa kimya huku muda ukipita humwondolea nafasi hiyo.

Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu nne. Kwa biashara inayohesabu mwaka wake kuanzia Januari, awamu hizo ni hadi mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Malipo hufanywa benki au kwa simu kwa kutumia kumbukumbu namba ya malipo, wala si kwa kumkabidhi afisa fedha mkononi.

Kampuni haiingii katika utaratibu huu. Hutozwa asilimia 30 ya faida, na hutakiwa kuwasilisha ritani za mapato zenye hesabu zilizothibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa, hata kama mwaka umepita bila biashara. Anayefikiria kusajili kampuni kwa ajili ya genge au saluni apime kwanza kama ataumudu wajibu huo.

Kodi ya zuio kwenye pango

Mkataba wa pango huwashtua wengi. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA. Fedha hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, na mpangaji huikata tu kutoka katika kiasi ambacho angemlipa. Kama pango ni shilingi 600,000 kwa mwaka, shilingi 60,000 huenda TRA na shilingi 540,000 humfikia mwenye nyumba. Ni vyema pande zote mbili zikalizungumza jambo hili kabla ya kutia saini, kwa kuwa mpangaji asiyezuia ndiye atakayeulizwa.

Kuazima TIN ni kuazima deni

Ndugu kumwazima ndugu TIN huonekana kama wema mdogo. Lakini kumbukumbu za TRA humsoma mwenye namba peke yake. Mauzo yakifanyika, kodi huandikwa kwake. Isipolipwa, riba na adhabu huandikwa kwake pia. Aliyeazima anaweza kuhama wilaya na mzigo ukabaki kwa aliyeazimisha. Siku atakapotaka leseni yake mwenyewe, mkopo wa benki au nafasi ya kuomba zabuni ya umma katika mfumo wa NeST, atakuta deni la duka ambalo hajawahi kuuza ndani yake hata kiberiti.

Aliyeazima naye hukosa. Miaka mitano ya kazi yake hujenga historia ya mtu mwingine, na mbele ya benki yeye bado ni mgeni katika biashara.

Biashara ikifungwa

Biashara nyingi changa hufungwa kwa ugonjwa, kwa mtaji kukatika au kwa msimu mbaya wa mavuno. Kufunga si kosa, ila kufunga bila kuarifu ni hatari. TRA isipopewa taarifa, kumbukumbu zake huendelea kuonesha kwamba biashara ipo, na makadirio huweza kuendelea mwaka baada ya mwaka. Mwenye biashara hulikuta deni hilo siku anapojaribu kuanza upya, wakati ambao kila shilingi ya mtaji ina kazi.

Dawa yake ni barua. Mfanyabiashara aandike kwa TRA kueleza tarehe aliyofunga, aambatishe uthibitisho wa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi. Taarifa kama hiyo itolewe pia biashara inapohamia eneo jingine au inapobadilika aina. Kumbukumbu za biashara, zikiwamo risiti na daftari la mauzo, zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano, hata baada ya kufunga.

Mahali pa kupata msaada

Mwananchi anayehitaji ufafanuzi kuhusu leseni anakaribishwa kwa Afisa Biashara wa Halmashauri, na ofisi za Watendaji wa Kata zitamwelekeza kuhusu barua za utambulisho. Masuala ya TIN, makadirio na madeni ya kodi yaulizwe TRA moja kwa moja, na mwenye biashara aende mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Ushauri huo hautozwi ada. Na kwa anayetumia namba ya mwingine, au aliyefunga biashara zamani bila kuarifu, wakati mzuri wa kwenda ni sasa, kabla deni halijaongezeka kwa mwaka mwingine.