Asili mbili, jezi moja: Chipukizi wa Rungwe na safari ya soka la kulipwa

MTOTO anayezaliwa Tukuyu kwa baba Mnyakyusa na mama Mngonde wa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, huenda akakua bila kujiona mtu wa nchi mbili. Lugha za wazazi wake zinakaribiana, na ndugu wa pande zote mbili hukutana kwenye harusi na misiba. Lakini mtoto huyo akiwa mchezaji wa soka wa kulipwa, atatakiwa kutoa jibu moja tu: atavaa jezi ya Taifa Stars au ya Malawi?

Swali hilo limewakabili wanasoka wengi wenye asili ya Tanzania, wakiwamo waliozaliwa Ulaya. Majibu yao yametofautiana, na yanaonyesha kwamba damu pekee haiamui mchezaji atachezea taifa gani. Sheria ya uraia ina sehemu yake, na klabu iliyomlea utotoni ina sehemu kubwa zaidi.

Kanuni za FIFA zinasemaje

Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) linamtaka mchezaji wa timu ya taifa awe raia wa nchi anayoichezea. Kuwa na baba, mama, babu au bibi aliyezaliwa katika nchi hiyo humsaidia, lakini bila uraia hawezi kupangwa.

Zamani kijana aliyewahi kuichezea timu ya vijana ya nchi moja katika mashindano rasmi hakuweza kuhama. Mwaka 2004 FIFA ililegeza kanuni hiyo kwa wachezaji wasiozidi umri wa miaka 21, na mwaka 2009 ikaondoa kikomo hicho cha umri.

Septemba 2020 Mkutano Mkuu wa FIFA ulilegeza zaidi. Mchezaji aliyecheza mechi zisizozidi tatu za timu ya wakubwa kabla ya kutimiza miaka 21 anaweza kuhama, mradi miaka mitatu imepita tangu mechi ya mwisho na hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake.

Poulsen: Jina la baba mgongoni

Mfano unaofahamika zaidi ni wa mshambuliaji Yussuf Yurary Poulsen. Alizaliwa Copenhagen, Denmark, Juni 15, 1994, kwa mama Mdenmark na baba Mtanzania aliyekuwa akifanya kazi katika meli za mizigo. Baba huyo alifariki dunia kwa ugonjwa wa saratani Yussuf akiwa na umri wa miaka sita.

Kijana huyo hakuanzia katika klabu kubwa. Alijifunza soka katika BK Skjold, klabu ya mtaani ya Copenhagen, kisha akahamia kwa vijana wa Lyngby. Desemba 2011, akiwa na miaka 17, alicheza mechi yake ya kwanza katika timu ya wakubwa ya Lyngby.

Mwaka 2013 alisajiliwa na RB Leipzig ya Ujerumani, iliyokuwa bado inacheza daraja la tatu. Alipanda nayo hadi daraja la pili mwaka 2014, kisha hadi Bundesliga mwaka 2016. Aliichezea zaidi ya mechi 400 na kutwaa nayo Kombe la Ujerumani mwaka 2022 na 2023, kabla ya kuhamia Hamburger SV Julai 2025.

Kwa upande wa taifa, Poulsen alipita katika timu za vijana za Denmark, na Oktoba 2014 akaanza kuichezea timu ya wakubwa katika mechi za kufuzu michuano ya Ulaya. Kwa kanuni za wakati huo, hapo ndipo uwezekano wa kuichezea nchi nyingine ulipokwisha.

Hata hivyo hakuuficha upande wa pili wa asili yake. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, jezi yake iliandikwa Yurary, jina la upande wa baba yake. Ndilo lililosomeka mgongoni alipofunga bao pekee la Denmark dhidi ya Peru, Juni 16, 2018.

Mnoga na wenzake

Haji Mnoga alifuata njia nyingine. Alizaliwa Portsmouth, Uingereza, Aprili 2002, katika familia yenye asili ya Zanzibar, akalelewa katika kituo cha vijana cha klabu ya Portsmouth na kuichezea timu ya wakubwa mwaka 2018, akiwa na miaka 16.

Aliwahi kuvaa jezi ya England ya vijana chini ya miaka 17, lakini katika ngazi ya wakubwa akachagua Taifa Stars. Kwa kuwa Zanzibar si mwanachama wa FIFA, mchezaji mwenye asili ya visiwani anayetaka kucheza Kombe la Dunia au Kombe la Mataifa ya Afrika hupitia timu ya Tanzania.

Januari 2024 Mnoga alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Ivory Coast kwenye fainali za AFCON 2023. Katika klabu, safari yake ilipitia mikopo ya Bromley, Weymouth, Gillingham na Aldershot Town kabla ya kujiunga na Salford City mwaka 2024. Wengi wa wenye asili mbili hufuata njia ya namna hiyo: madaraja ya chini, mikopo, na kusubiri.

Charles M'Mombwa, aliyekulia Australia, naye alichagua Tanzania. Desemba 2025 ndiye aliyeifungia Taifa Stars bao katika mechi ya kwanza ya AFCON nchini Morocco, iliyokwisha kwa Nigeria kushinda mabao 2-1. Katika fainali hizo Tanzania ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza.

Wapo pia waliokwenda upande wa pili. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma Februari 2006 kwa wazazi wakimbizi kutoka Burundi, akahamia Australia akiwa mtoto mdogo na kulelewa kisoka Adelaide. Mwaka 2024 alianza kuichezea timu ya taifa ya Australia.

Sheria ya uraia

Uamuzi huo unakuwa mgumu zaidi kwa sababu ya sheria ya nchini. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kwa kawaida hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa pamoja. Mtoto anaweza kuwa na uraia wa pande zote mbili, lakini akitimiza miaka 18 hutakiwa kuukana mmoja.

Umri huo ndio ambao kwa kawaida mwanasoka husaini mkataba wake wa kwanza mkubwa. Kwa kijana anayecheza Ulaya, kuukana uraia wa huko kunaweza kumaanisha kuhitaji kibali cha kazi katika nchi aliyozaliwa.

Poulsen alifikia umri huo mwaka 2012, wakati ambapo hata Denmark ilikuwa haijaruhusu uraia pacha. Ilianza kuuruhusu Septemba 2015.

Majirani kadhaa wamekwisha kubadili msimamo. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya mwaka 2010, na Malawi kwa marekebisho ya mwaka 2019. Hivyo mtoto wa Tukuyu mwenye mama kutoka Karonga anabanwa na sheria ya upande mmoja wa mto kuliko ya upande wa pili.

Mwaka 2025 sheria za uhamiaji na ardhi za Tanzania zilirekebishwa ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo inagusa mambo kama kuingia nchini, kuishi na kumiliki ardhi. Kwa kuwa si uraia, haimpi mwanasoka haki ya kuichezea Taifa Stars.

Tukuyu ina nini cha kutoa

Wilaya ya Rungwe, inayojulikana kwa chai, ndizi na mvua nyingi, ina historia ya soka ambayo miji mingi mikubwa haina. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, maarufu kwa jina la Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Huo ni ubingwa ambao kwa miongo mingi umezunguka zaidi kati ya Simba na Yanga.

Klabu hiyo ilipita pia katika maisha ya wachezaji waliokuja kuvuma kwingine, akiwamo kiungo Sekilojo Chambua aliyetamba Yanga. Baadaye ilishuka, na soka la Ligi Kuu katika mkoa likabaki kwa timu za Jiji la Mbeya, umbali wa kilomita 70 hivi.

Katika hali hiyo, chipukizi wa Rungwe, awe na asili moja au mbili, hulazimika kuondoka mapema. Anapoondoka bila kusajiliwa rasmi katika klabu ya nyumbani, wilaya hupoteza mchezaji na pia fedha.

Kanuni za FIFA zinaeleza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kumalizika, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa kuanzia miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia miaka 16 hadi 23, asilimia 0.5.

Kwa hesabu hiyo, ada ikiwa Sh1 bilioni, klabu iliyokuwa na mchezaji huyo kwa misimu minne ya mwanzo hupata Sh10 milioni. Iliyokuwa naye kwa misimu mitatu kuanzia miaka 16 hupata Sh15 milioni. Klabu kubwa huenda isizitazame fedha hizo, lakini kwa timu ya wilaya zinatosha kununua mipira, jezi na nauli za safari.

Fedha hizo hudaiwa kwa kumbukumbu. Klabu lazima ionyeshe kwamba mchezaji alisajiliwa kwake, kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Umri uliopunguzwa ili kijana aingie katika mashindano ya watoto unaweza kuja kuvuruga madai hayo na kumletea matatizo mchezaji mwenyewe.

Wazazi nao wana la kuzingatia. FIFA inakataza usajili wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhamia nchi nyingine kwa mambo yasiyohusu soka, au familia na klabu kuwa jirani na mpaka. Mtu anayemwahidi mtoto wa miaka 15 timu ya Ulaya kwa malipo ya awali anaahidi jambo ambalo kwa kawaida kanuni hazilikubali.

Kwa familia yenye asili mbili, matayarisho huanza na karatasi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya wazazi, na usajili wa klabu ya kwanza. Karatasi hizo zikiwa kamili, kijana anayefikisha miaka 18 huchagua jezi kwa hiari yake. Zikikosekana, huenda akajikuta hana upande wowote wa kuchagua.