Nyota zinazopumua na mwanamke aliyezihesabu



Mwezi uliopita mtoto mmoja wa kike wa mwaka wa sita alituuliza: "Mwalimu, nani alienda huko juu kupima nyota ziko mbali namna gani?" Tulicheka kidogo, kisha tukaona swali ni zuri. Hakuna aliyeenda. Mwanamke mmoja alikaa mezani akahesabu.

Usiku tunaona taa mbili kwenye mlima wa ng'ambo, moja ina nguvu, nyingine hafifu. Hatujui kama ile hafifu ni kibatari kilicho karibu ama taa kubwa iliyo mbali. Lakini kama zote ni za kijiji kimoja, umbali ni ule ule: inayoonekana kubwa ni kubwa kweli.

Henrietta Leavitt wa Marekani alipata kijiji cha namna hiyo: Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo inayoandamana na galaksi yetu. Picha zilipigwa Peru, yeye akazichunguza Harvard. Ndani yake kuna nyota zinazopumua: zinavimba na kunywea, mwanga unapanda na kushuka. Mwaka 1908 alitangaza 1,777 katika Mawingu mawili ya Magellan. Mwaka 1912 alichukua 25 za Wingu Dogo, akaonyesha kwamba nyota yenye mwanga mkubwa zaidi huchukua siku nyingi zaidi kumaliza pumzi moja. Basi hesabu siku, utajua nguvu ya taa. Ukijua nguvu ya taa, utajua umbali.

Alilipwa senti 30 kwa saa, na masikio yake yalikuwa mazito. Karatasi ile ya 1912 ilitiwa saini na mkubwa wake, ingawa alitaja ndani kwamba kazi ni ya Leavitt. Wamama wanaolima shamba lenye hati ya jina la mwingine hawahitaji tuwaelezee.

Mwanamke mwingine, Henrietta Swope, alifuata njia hiyo katika Draco, galaksi hafifu sana ambayo jicho tupu haliioni kabisa. Mwaka 1961 yeye na Walter Baade walitangaza humo nyota zaidi ya 260 zinazobadilika. Nyingi humaliza pumzi moja kabla siku haijaisha, na nguvu zao zinakaribiana kama taa zilizonunuliwa duka moja. Mwanga wa Draco unasafiri miaka karibu 250,000 kutufikia.

Wataalamu wanakimbia miji kutafuta giza. Sisi tunalo bila kuliomba. Tunaliogopa pia, na sababu tunazo: tangu mapigano ya Oktoba 2024 kila mama anafunga mlango mapema. Lakini jioni hizi za Januari, mvua ikipungua na kukiwa na utulivu, simameni nyuma ya jikoni, si mbali na mlango, mtazame kusini. Chini, juu kidogo ya milima, kuna wingu jeupe ambalo upepo haulisogezi. Ni Wingu Kubwa la Magellan. Si mbali nalo kuna nyota Beta Doradus, ambayo huishiwa nguvu na kurudi kung'aa kila baada ya siku karibu 10.

Watoto wetu wameifungulia daftari. Kila jioni wanailinganisha na nyota za jirani. Katika jioni tisa za kwanza, nne zina alama, nne zimeandikwa "mawingu", na moja, kwa mwandiko wa yule aliyeuliza: "Milio ya risasi. Hatukutoka."