Kuichora Upya Njia ya Albertina

Kutoka Arua hadi Koboko, huku West Nile, Uganda, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 44 hivi. DC-6B, ndege ya injini nne za propela, ikienda mwendo wake wa kawaida, huumaliza umbali huo kwa dakika sita. Basi saa ya rubani ikikosea dakika moja tu, kwenye ramani ndege inahama kilomita saba au nane. Hesabu hiyo ndiyo inayowatesa wote wanaojaribu kuichora upya safari ya mwisho ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekufa pamoja na wenzake 15 karibu na Ndola, Zambia ya leo, usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961.

Ndege yao, DC-6B iliyoitwa Albertina, iliondoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, saa 11:51 jioni kwa saa za Ndola. Hammarskjöld alikuwa anakwenda kuzungumza na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo la Kongo lililojitenga, ili vita visimame huko. Kwenye karatasi ya safari iliandikwa kwamba inakwenda Luluabourg, danganya toto tu. Rubani alizungukia mashariki hadi upande wa Ziwa Tanganyika ili kuikwepa Katanga na ndege yake ya kivita, Fouga Magister. Redioni alinyamaza zaidi ya saa nne, mpaka alipoita Salisbury, makao makuu ya Rhodesia iliyotawala Ndola wakati huo, saa 4:02 usiku. Kisanduku cheusi hakikuwamo. Hata hivyo kipande hicho kirefu hakina ubishi mkubwa, kwa sababu ncha zake mbili zinajulikana, na mwendo na upepo vinakadirika.

Ubishi uko mwishoni. Saa 6:10 usiku rubani alisema anaziona taa na anashuka. Aliambiwa atoe taarifa akifika futi 6,000, yaani mita 1,800 hivi. Taarifa hiyo haikuja. Ndege ilipiga miti kilomita 15 hivi magharibi mwa uwanja, mahali penye mwinuko wa mita 1,300. Mnarani hapakuwa na kinasa sauti, kwa hiyo tunategemea alichoandika muongoza ndege. Mabaki nayo yanaeleza sehemu yao: magurudumu yalikuwa yameshushwa, injini zilikuwa zikifanya kazi, miti ilikatwa kwa mteremko mdogo, na uelekeo wake unaonyesha ndege ilikuwa imeshageuka kuurudia uwanja. Ilikuwa inakuja kutua kama kawaida, ila chini mno. Kwa nini chini mno, chuma hakisemi. Tume ya Rhodesia ilimlaumu rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka 1962, iliacha swali wazi.

Wapo pia waliokuwa msituni. Wachoma mkaa walisema waliona ndege ya pili, au mwanga angani, na Rhodesia ikawapuuza. Kwangu mimi hilo ni kosa la kitaalamu kabla hata ya kuwa dharau. Anayechoma mkaa West Nile anajua tanuri halilazwi peke yake: mwenyewe yu macho, na mahali aliposimama panaweza kupimwa hata baada ya miaka. Akionyesha upande alikouona mwanga, huo ni mstari. Wa jirani yake ukiukata, tuna nukta. Hahitaji saa mkononi. Inatosha aseme mwanga ulitangulia kishindo au ulifuata, nasi tukumbuke kwamba sauti hutumia sekunde tatu kwa kila kilomita. Wazee wa Goli na Paidha, hukuhuku West Nile, walioshambuliwa na ndege kutoka Kongo Februari 1965, hawahitaji kufundishwa kutofautisha milio. Lakini kumbukumbu huchakaa, na moto wa ndege moja unaweza kusimuliwa kama ndege mbili. Ndiyo maana shahidi mmoja hatoshi.

Tangu 2015 faili hili analo Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu. Ripoti yake ya 2017 ilisema shambulio au tishio kutoka nje linawezekana kuwa sababu. Anachozidai Marekani, Uingereza na Afrika Kusini ni kumbukumbu za kijasusi, hasa mawasiliano ya redio yaliyonaswa. Charles Southall, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa Cyprus usiku ule, alisimulia kwamba alisikia mkanda wenye sauti ya rubani akiishambulia ndege nyingine. Mkanda wa namna hiyo, kama upo na umeandikwa saa, ungeshikiza zile dakika za mwisho mahali pake kwenye ramani, na maelezo ya wachoma mkaa yangeweza kupimwa kwa sekunde.