Vidonge vilivyobaki usivitumbukize chooni

Unapanga kabati, unakuta vidonge vya uzazi wa mpango vilivyopita muda wake. Watoto wanazungukazunguka. Haraka unavitumbukiza chooni, roho inatulia. Mzazi, watoto umewakinga, lakini vidonge havijaisha.

Nyumba nyingi za Tandale hutumia vyoo vya shimo, na mtaani unapita Mto Ng'ombe unaokwenda kuungana na Msimbazi. Shimo likijaa, wapo wanaoita gari la majitaka na wapo wanaosubiri mvua wakatapisha choo. Yanayobebwa na gari hupelekwa kwenye mabwawa kama ya Vingunguti, ambako jua na bakteria huyasafisha. Yanayotapishwa huingia mtaroni na mtoni jinsi yalivyo.

Majitaka yana vijidudu, na yana homoni pia. Kila mtu hutoa homoni kwenye mkojo, na mama mjamzito hutoa nyingi zaidi. Hizo za asili huoza mapema. Ile ya kutengenezwa, iliyomo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango, hukaa muda mrefu zaidi.

Kiasi kidogo tu kinatosha kuleta madhara. Kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti wa Kanada wakiongozwa na Karen Kidd walitia homoni hiyo katika ziwa dogo la majaribio, kwa kipimo cha gramu moja kwa zaidi ya lita milioni 160 za maji. Samaki madume walianza kubadilika kama majike, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka. Homoni ilipoacha kutiwa, samaki hao walirudi taratibu.

Je, uache uzazi wa mpango? Hapana. Samaki huishi ndani ya maji hayo usiku na mchana, sisi hatuishi humo. Kwa mtoto wako hatari ya haraka bado ni vijidudu. Kinondoni haijasahau kipindupindu cha Agosti 2015. Endelea kuchemsha maji ya kunywa, ila ujue kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi homoni wala dawa. Ndiyo maana ni bora zisifike majini.

Fanya hivi nyumbani:

• Dawa zilizobaki zirudishe kituo cha afya au duka la dawa, uulize kama wanazipokea.

• Wasipopokea, zitoe kwenye pakiti, changanya na majani ya chai yaliyotumika au udongo, funga kwenye mfuko, tia kwenye taka siku gari linapopita.

• Choo kikikaribia kujaa, wapangaji na mwenye nyumba changeni mapema mlipie gari. Msisubiri mvua.

• Watoto wasichezee maji ya mtoni wala ya mtaroni.

Choo kinachotapishwa kwako, maji yake hupita mlangoni kwa jirani, na yeye ana watoto kama wewe.