Hadithi za Mambo Yasiyokuwapo

Huenda umemwona mwanao ameinamia kitabu cha safari za nyotani ukamwambia, "Acha uwongo huo!" Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo. Juzi nilimaliza viwili, nami nimepunguza ukali.

Cha kwanza ni The Lord of the Rings cha J. R. R. Tolkien, kilichotolewa 1954 na 1955. Habari ya pete ya uovu ambayo sharti iharibiwe ni nzuri, lakini (nisamehe) nyimbo zimezidi, nyingine niliziruka.

Cha pili, A Canticle for Leibowitz, kiliniondolea usingizi. Walter M. Miller, aliyekitunga, alikuwa askari wa Marekani katika ndege zilizoipiga kwa mabomu monasteri ya Mtakatifu Benedikto huko Monte Cassino, Italia, mwaka 1944. Mwaka 1947 akawa Mkatoliki. Katika hadithi yake dunia imeungua kwa mabomu ya atomiki, na watu kwa hasira wakachoma vitabu na kuwaua wenye elimu. Wamonaki wachache wakaficha vilivyobaki, wakinakili hata wasiyoyaelewa. Bruda Francis alitumia miaka 15 akinakili mchoro mmoja wa mtambo kwa rangi na dhahabu. Alipokuwa akiupeleka kwa Papa, mnyang'anyi akachukua nakala ile ya kung'aa, akamwachia karatasi kuukuu ya asili!

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maana baada ya karne nyingi elimu ile ile yaleta mabomu tena. Je, wamonaki walikosea kuitunza? Kama una kijana asomaye Kiingereza, mpe kitabu, halafu mwulize yeye.