Kipande Chawarudisha Wanubi wa Kibera kwa Babu Zao

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Lakini je, yule ambaye asili yake haimo katika daftari la serikali ataishika vipi? Swali hili limewahangaisha Wanubi wa Kibera, mjini Nairobi, kwa muda mrefu, na jinsi walivyolijibu ni jambo ambalo sisi Waislamu wa pwani yatupasa kulitia akilini.

Nairobi ina mitaa mingi ya wanyonge, na Kawangware na Kibera ni miwili kati yake. Kwa mgeni mitaa hii ni sawa: mabati yaliyoshikana, vichochoro, na vibanda vya biashara. Lakini iko tofauti moja kubwa. Wakaazi wengi wa Kawangware wametoka mashambani na wana kwao. Mmoja wao akifariki, jamaa huchanga fedha maiti isafirishwe. Mnubi wa Kibera hana safari hiyo. Huzikwa papo hapo walipolala wazee wake, kwani kwao ndiko huko.

ASKARI WALIOPEWA MSITU

Wazee hao walikuwa askari. Asili yao ni Sudan ya kusini na nchi zilizopakana nayo. Walitumikia jeshi la Misri chini ya Emin Pasha, na katika mwaka 1891 Kapteni Lugard akawaandika kazi kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Baadaye wakaingia katika King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu walilijua kwa jina la Keya. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, na hata leo majina kama Kambi Muru yanashuhudia hayo. Uislamu na lugha ya Kinubi, iliyozaliwa na Kiarabu, ndivyo vilivyowafanya kuwa umma mmoja.

Waingereza waliwakalisha kando ya mji wa Nairobi, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Wenyewe wakapaita Kibra, yaani msitu. Lakini hati ya kumiliki hawakupewa. Mbele ya sheria ya mkoloni walikuwa wakaazi kwa hisani tu. Uhuru ulipokuja, ardhi ikazidi kumegwa kwa ajili ya majumba, na miongoni mwa mitaa iliyojengwa ni ule unaoitwa Fort Jesus, jina ambalo mtu wa Mombasa halimpiti!

MASWALI YA KIPANDE

Dhiki kubwa zaidi ilikuwa kipande. Kijana wa Kinubi akitimiza miaka 18 alitakiwa asimame mbele ya kamati ya kumchunguza, na pengine alete hati za wazazi na za babu zake, hali wenziwe wa makabila mengine walipita bila ya kusumbuliwa hivyo. Na asiye na kipande hawezi kuandikwa kazi, wala kufungua akaunti benki, wala kupiga kura. Ni mgeni katika mji aliozaliwa.

Hapo ndipo palipo na ajabu. Swali lililokusudiwa kumtilia kijana shaka lilimrudisha kwa wazee wake. Babu yako ni nani? Alitumikia jeshi lipi? Alikaa kambi gani? Asiyejua ilimbidi akaulize. Nasaba iliyokuwa hadithi ya barazani ikawa ushahidi.

Kazi hii haikuachiwa mtu mmoja mmoja. Baraza la Wazee wa Kinubi lilisimamia madai ya ardhi. Jumuiya ya Nubian Rights Forum nayo ikawafundisha vijana wa mtaa sheria za uraia, wapate kuwasaidia majirani kujaza fomu na kuwasindikiza ofisini. Kwa hakika, kijana anayemtafutia jirani yake cheti cha kuzaliwa hujifunza pia ukoo wa jirani huyo na wake mwenyewe.

Matunda yameonekana. Katika sensa ya 2009 Wanubi walihesabiwa kwa jina lao wenyewe, nao walizidi 15,000. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya iliwavunjia watoto wa Kinubi haki ya uraia. Katika uchaguzi wa 2013 jimbo jipya la bunge lilibeba jina la Kibra, kama walivyolitamka wazee. Na mwezi Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ekari 288.

Ekari 288 si 4,197. Hesabu hiyo kila mtu aijua. Lakini ni mara ya kwanza karatasi ya serikali kusema kuwa mahali hapo ni pao.

UKILI NA DOLUKA

Wala si karatasi peke yake. Akina mama wa Kinubi wangali wanasuka sinia za rangi ambazo zingemkumbusha mtu wa Lamu kawa za kwao. Katika harusi huvaa gurbaba na kucheza doluka. Lakini mila za harusini huonekana siku za furaha tu. Nasaba huhitaji pia kazi ya siku za taabu: foleni, fomu, na kumshika mzee mkono hadi ofisini.

Sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Wamakonde wa Kwale walikaa miaka mingi bila ya uraia hadi 2016, na Wapemba wa Kilifi hadi 2023. Basi ndugu msomaji, kaa na wazee wako ungali nao. Andika majina, kijiji na mwaka, na uhifadhi kila cheti kilichomo sandukuni. Kesho mjukuu wako ataulizwa babu yake ni nani, na itafaa awe na jibu.